Je, Picha za Satelaiti Zinatosha Kuchukua Nafasi ya Vituo vya Kupimia Mto na Pwani?

Msomaji wetu anauliza: “Ninafanya kazi katika ofisi ndogo inayosimamia bonde la mto unaopita nchi tatu kabla ya kufika baharini. Bajeti yetu imepunguzwa, na mkuu wa kitengo anapendekeza tufunge vituo vya kupimia maji mtoni na pwani kwa sababu picha za satelaiti ni za bure na hufika kila baada ya siku chache. Je, hoja hiyo ni sahihi? Na kama hatuwezi kubaki na vituo vyote, tubakize vipi?”

Ndugu muulizaji, hoja ya mkuu wako haikosi ukweli, lakini ukweli wake ni nusu, na nusu iliyobaki ndiyo inayobeba kazi yenu. Picha za satelaiti ni za bure, hufika mara kwa mara, na hakuna ofisi ya bonde la mto inayostahili kuzipuuza. Hata hivyo, picha hizo huonyesha sura ya juu ya ardhi na ya maji. Hazisemi ndani ya maji mna nini, yamepita kiasi gani, wala yamechafuka yalipokuwa mikononi mwa nani. Ofisi inayosimamia maji ya nchi tatu huulizwa maswali hayo matatu kuliko mengine yoyote. Kwa hiyo mnaweza kufunga baadhi ya vituo bila hasara kubwa, ila mkivifunga vyote mtabaki na picha nzuri ambazo hamtaweza kuzitolea ushahidi siku mtakapobishiwa.

Nianze kwa kuzipa satelaiti haki yake. Satelaiti ya kwanza ya Landsat, mfululizo wa satelaiti za Marekani za kupiga picha za ardhi, ilirushwa Julai 1972, na tangu hazina ya picha zake ilipofunguliwa bure kwa watu wote mwaka 2008, mtu yeyote mwenye kompyuta anaweza kurudi nyuma miongo kadhaa na kuona msitu ulikuwa wapi, mto ulipinda wapi na ufuko uliishia wapi. Kituo cha ardhini hakina uwezo huo, kwa sababu huanza kukumbuka siku kilipojengwa, ilhali picha iliyopigwa mwaka 1985 bado ipo ikingoja mtu wa kuiuliza swali jipya. Satelaiti za Sentinel-2 za Ulaya, ambazo mbili za kwanza zilirushwa mwaka 2015 na 2017, hupita juu ya mahali palepale kila baada ya siku 5 na kutofautisha vitu vya upana wa mita 10. Kukauka kwa Bahari ya Aral baada ya maji ya mito ya Amu Darya na Syr Darya kuelekezwa kwenye mashamba ya pamba kuanzia miaka ya 1960, kukatwa kwa mikoko, kutapakaa kwa gugumaji ziwani, kuhama kwa fungu la mchanga kwenye mlango wa mto: yote haya huonekana kutoka angani kwa namna ambayo mtu aliyesimama ukingoni hawezi kuyaona. Kwa upande wa matumizi ya ardhi katika bonde zima, ningesema bila kusita kwamba satelaiti iwe chombo chenu kikuu, na watumishi wenu waende shambani kuhakiki tu kile ambacho picha inakisia. Uhakiki huo msiuache, kwani shamba la miti ya kupandwa hufanana mno na msitu wa asili likitazamwa kutoka juu, na ripoti nyingi za kwamba msitu umeongezeka zimejengwa juu ya mfanano huo.

Matatizo huanza tunapoingia majini. Satelaiti husoma mwanga au mawimbi yanayorudi kutoka kwenye uso wa maji, na vitu vingi vinavyotutia wasiwasi havina rangi yoyote. Nitrati ya mbolea, zebaki ya migodini, dawa za kuulia wadudu, bakteria wa kinyesi: maji yaliyobeba hayo yote yanaweza kuonekana maangavu kabisa pichani. Upana wa mto nao ni kikwazo. Satelaiti ya SWOT, iliyorushwa Desemba 2022 mahususi kwa kupima maji ya bara na ya bahari, ilikusudiwa kwa mito yenye upana wa kuanzia mita 100, na vile vijito vya juu ambako uchafuzi mwingi huanzia havimo katika hesabu yake. Satelaiti pacha za GRACE, zilizofanya kazi kuanzia 2002 hadi 2017 na kurithiwa na nyingine mwaka 2018, hupima mabadiliko ya nguvu ya mvutano wa dunia, na zimeufundisha ulimwengu mengi juu ya kupungua kwa maji ya chini ya ardhi kaskazini mwa India na katika jimbo la California. Lakini jicho lake ni pana mno: kipimo kimoja hufunika eneo la mamia ya kilomita, na hakiwezi kuwaambia kama visima vya kijiji fulani vinakaribia kukauka.

Pwani ina utata wake. Katika bahari kuu, rangi ya maji hutegemea zaidi mwani mdogo unaoelea, na hesabu za kubadili rangi kuwa kiasi cha mwani hufanya kazi vizuri. Karibu na mlango wa mto, tope na maji ya rangi ya chai yatokanayo na majani yaliyooza huchanganyika na rangi ya mwani, na hesabu zilizotengenezwa kwa ajili ya bahari kuu hukosea, mara nyingine kwa kiasi kikubwa. Tiba ya kosa hilo ni mtu ndani ya mashua akichota maji siku ileile satelaiti inapopita, na akishusha ile sahani nyeupe ambayo padri na mwanaastronomia Angelo Secchi aliijaribu baharini mwaka 1865 ili kupima uangavu wa maji. Sahani hiyo haina betri wala programu. Inashushwa kwa kamba hadi isionekane, kina kinaandikwa, na baada ya zaidi ya karne moja vipimo vya namna hiyo bado vinatumika kuzihakiki satelaiti za leo.

Kisha kuna suala la mawingu, ambalo watu hulitaja haraka na kulipita. Mimi nitakaa hapo kidogo, kwa sababu nadhani ndipo hoja ya mkuu wako inapovunjika. Mto haubebi mashapo yake, yaani udongo na mchanga unaosombwa na maji, kwa kiwango sawa mwaka mzima. Katika mito mingi, sehemu kubwa ya udongo na virutubisho vinavyofika baharini hupita katika siku chache za mafuriko, hasa yale ya kwanza baada ya kiangazi, wakati ardhi iko wazi na kila kilichorundikana mashambani na mijini kinazolewa kwa mkupuo mmoja. Siku hizo ndizo siku za mawingu mazito, na satelaiti zinazotegemea mwanga wa jua hazioni chochote. Rada, kama ile ya Sentinel-1, hupenya mawingu na itawaonyesha vizuri maji yalipofurika, na kwa uokoaji hiyo ni hazina kubwa. Hata hivyo haitawaambia kila lita ya maji hayo imebeba gramu ngapi za tope.

Lakini tusiwe wepesi wa kuwahukumu wa angani na kujisahau sisi wa ardhini. Kituo kinachochota sampuli moja kila mwezi, tena siku ya kazi na saa za kazi, kina uwezekano mkubwa wa kukosa mafuriko hayohayo ambayo satelaiti iliyakosa. Nimewahi kusoma ripoti za miaka mingi zilizohitimisha kwamba mto fulani hausombi udongo mwingi, na nilipotazama tarehe za sampuli nikakuta karibu zote ni za siku kavu, kwa sababu ambayo kila aliyefanya kazi hii anaielewa: mvua ikinyesha, barabara ya kwenda kituoni haipitiki. Kama kituo chenu kiko katika hali hiyo, kukiendeleza kama kilivyo si kukitetea. Afadhali mchukue sampuli 30 katika wiki mbili za mafuriko na chache sana kiangazi, kuliko 12 zilizopangwa kwa usawa wa kalenda. Kama pesa zinaruhusu, fungeni kihisi cha kupima ukungu wa maji (jinsi yalivyochafuka kwa tope) ambacho hurekodi chenyewe kila robo saa, kisha sampuli za mkono zitumike kukisahihisha.

Sasa nieleze kwa nini mto, ardhi na pwani vipimwe kama kitu kimoja, maana ofisi nyingi zimegawanya kazi hizo kwa idara tatu zisizosomeana ripoti. Katika Ghuba ya Mexico, kila kiangazi, maji ya chini karibu na mlango wa mto Mississippi hupungukiwa oksijeni hadi chini ya miligramu 2 kwa lita, kiwango ambacho samaki hukimbia na viumbe wasioweza kukimbia hufa. Eneo hilo limepimwa kwa meli karibu kila mwaka tangu 1985, na mwaka 2017 lilifika takriban kilomita za mraba 22,700, kubwa kuliko wakati wowote tangu upimaji uanze. Chanzo chake kikuu ni mbolea ya mashamba ya mahindi na soya yaliyo zaidi ya kilomita 1,000 kaskazini. Wavuvi wa Louisiana wangeweza kupima bahari yao hadi uzeeni bila kujua wamlalamikie nani, kama vipimo vya nitrati vya mto huo na matawimto yake visingekuwapo. Kipimo cha bahari kilionyesha ugonjwa, na vipimo vya mto vikaonyesha ulikotoka.

Mto Nile umetoa funzo la upande wa pili. Kabla ya Bwawa Kuu la Aswan kukamilika mwaka 1970, mto huo ulibeba zaidi ya tani milioni 100 za mashapo kwa mwaka, na mashapo hayo ndiyo yaliyoijenga delta na kuilinda dhidi ya mawimbi. Yalipoanza kutuama nyuma ya ukuta wa bwawa, rasi ya Rosetta kwenye delta hiyo ilizidi kuliwa na bahari kwa kasi, na uvuvi wa sardini mbele ya delta ukaanguka kwa sababu virutubisho vya mafuriko havikufika tena. Mississippi iliiletea pwani kitu kupita kiasi, Nile ikainyima. Ofisi inayopima ufuko peke yake itaona mchanga ukiondoka na itajenga ukuta wa mawe. Ofisi inayopima pia tope la mto itajua kwamba mchanga haukuibwa na bahari, uko nyuma ya bwawa, na kwamba mazungumzo yanayohitajika ni ya namna ya kufungulia malango ya bwawa. Kati ya maamuzi hayo mawili kuna tofauti kubwa ya gharama.

Jambo la pili ambalo mkuu wako hajalitia katika hesabu ni thamani ya mfululizo. Kipimo cha maji kilichochukuliwa leo peke yake kina thamani ndogo. Kikichukuliwa mahali palepale, kwa njia ileile, kwa miaka 50, kinakuwa mali ambayo haiwezi kununuliwa kwa bei yoyote, kwa kuwa hakuna awezaye kurudi kupima mwaka uliopita. Kina cha Ziwa Victoria kimeandikwa tangu 1896. Maji yalipopanda mwaka 2020 na kuzamisha magati, mashamba na nyumba, swali la kwanza lilikuwa kama jambo hilo limewahi kutokea, na jibu lilikuwepo: mwezi Mei mwaka huo geji (kipimo cha kina cha maji) ya Jinja, Uganda, ilisoma mita 13.42, juu kidogo tu ya kilele cha mwaka 1964, kilichofuatia mvua kubwa za miaka ya mwanzo wa 1960. Waliokuwa wakieleza kupanda huko kama kitu kisichowahi kuonekana, na waliojenga ndani ya eneo ambalo ziwa lilikwisha kulifikia, wote walipata jibu kutoka katika daftari moja.

Kwa mto Nile tunayo kumbukumbu ya kale zaidi. Vipimo vya kina vilivyoandikwa Cairo huanzia mwaka 622, na nguzo ya kupimia iliyoko kisiwa cha Roda ilijengwa mwaka 861. Mhandisi Harold Edwin Hurst, aliyefika Misri mwaka 1906, aliitumia kumbukumbu hiyo pamoja na nyingine nyingi, na mwaka 1951 akaonyesha kwamba miaka ya maji machache huelekea kufuatana kwa makundi, na ya maji mengi vilevile, kuliko hesabu za bahati nasibu zinavyotabiri. Maana yake kwa mjenzi wa bwawa ni kwamba akiba inayohitajika kuvuka kiangazi kirefu ni kubwa kuliko anavyodhani mtu mwenye kumbukumbu ya miaka 20. Waliosimama kwenye nguzo ile karne ya tisa hawakujua wanamwandikia mhandisi wa karne ya ishirini. Walisoma, wakaandika, na kesho yake wakarudi.

Msidhani kwamba satelaiti zenyewe hazihitaji mifululizo hii. Katika miaka ya 1990, kulinganisha vipimo vya satelaiti ya TOPEX/Poseidon na vya geji za kupwa na kujaa zilizoko bandarini na visiwani ndiko kulikosaidia kugundua kwamba takwimu za usawa wa bahari kutoka angani zilikuwa na kosa la ukokotoaji. Geji hizo zisingekuwapo, kosa lingeweza kuingia katika hesabu za kupanda kwa bahari na kuaminiwa. Tena satelaiti hufa kama chombo kingine chochote. Landsat 6 haikufika kwenye mzunguko wake mwaka 1993. Landsat 7 iliharibika kifaa cha kusahihisha mistari Mei 2003, na tangu hapo picha zake zilikuwa na michirizi isiyo na data. Sentinel-1B ilinyamaza Desemba 2021. Anayefunga vituo vyake vyote anaukabidhi mfululizo wake kwa mashine ambayo hawezi kuitengeneza na kwa bajeti ambayo hana kura ndani yake.

Hapa niseme neno juu ya udhaifu wa vituo vyetu, kwa kuwa nimeuona kwa macho. Miaka kadhaa iliyopita niliombwa kupitia kumbukumbu za kituo kimoja cha mto, ambacho sitakitaja, na nikakuta kina cha maji ya kiangazi kimeshuka ghafla kwa karibu sentimita 30 na kubaki hapo kwa miaka 12. Watu walikuwa wamekwisha kuandika juu ya ukame, juu ya umwagiliaji uliozidi, juu ya nchi jirani. Tulipozungumza na mzee aliyekuwa msoma geji, alikumbuka kwamba mafuriko yaling’oa ubao wa vipimo, na fundi aliyeletwa aliusimika mwingine bila kuupima upya dhidi ya alama ya kudumu ya kimo iliyochongwa kwenye mwamba. Mto haukuwa umeshuka hata kidogo. Nilihuzunika sana siku hiyo, kwa sababu msoma geji yule alikuwa ameandika kila asubuhi kwa uaminifu, na uaminifu wake ulikuwa umeharibiwa na jambo la nusu saa. Kwa hiyo mnapotetea vituo, teteeni pia kazi hizi ndogo zisizo na sifa: kuhakiki sifuri ya geji, kupima upya uhusiano kati ya kina na mtiririko kila baada ya mafuriko makubwa kwa kuwa sakafu ya mto hubadilika, na kuandika katika daftari kila badiliko la kifaa, la mtu na la saa ya kusoma.

Suala la mipaka nimeliweka hapa kwa makusudi, kwani kwenu ndilo lenye uzito. Usiku wa Novemba 1, 1986, ghala la kemikali la kampuni ya Sandoz karibu na Basel, Uswisi, liliungua, na maji ya kuzimia moto yakaosha sumu hadi mto Rhine. Mikunga walikufa kwa wingi mamia ya kilomita kuelekea chini, na miji ya nchi zilizoko mbele ililazimika kufunga mitambo ya kuvuta maji ya kunywa. Tume ya kimataifa ya kulinda mto huo ilikuwapo tangu 1950, lakini msiba ule ndio uliozisukuma nchi husika kukubaliana mpango wa utekelezaji mwaka 1987 na kuimarisha mfumo wa tahadhari ambamo kituo cha juu huwaarifu wa chini papo hapo. Kinachonivutia zaidi katika mfumo huo ni kituo cha Bimmen na Lobith, mpakani mwa Ujerumani na Uholanzi, ambako nchi hizo mbili hupima maji yaleyale kwa pamoja. Ubishi wa “vipimo vyenu si sahihi” hauna pa kusimama pale, na mazungumzo huanza moja kwa moja kwenye la kufanya.

Mfano mwingine ni mto Mekong, unaoshuka kutoka China hadi kusini-mashariki mwa Asia. Kwa miaka mingi nchi za chini zilipokea kutoka China takwimu za msimu wa mafuriko tu. Mwaka 2020 yalifikiwa makubaliano ya kutoa takwimu za mwaka mzima, jambo ambalo wakulima na wavuvi wa chini walilihitaji zaidi wakati wa kiangazi. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa mwaka 1997 kuhusu mito ya kimataifa, ulioanza kutumika mwaka 2014, unazitaka nchi wanachama katika kifungu cha 9 kubadilishana takwimu mara kwa mara. Nchi zenu ziwe zimeuridhia au la, kifungu hicho ni msingi mzuri wa barua ya kwanza. Nasisitiza hili kwa sababu picha ya satelaiti inaweza kuonyesha bwawa la jirani limejaa, na hilo ni muhimu, lakini makubaliano ya maji hayaandikwi juu ya picha. Huandikwa juu ya mita za ujazo kwa sekunde zilizopimwa mahali ambapo pande zote zimepakubali.

Nije kwenye swali lako la pili. Msianze kwa kuuliza kituo kipi ni ghali. Anzeni kwa kuandika, kwa kila kituo, uamuzi gani hutegemea vipimo vyake na nani huufanya. Kwa uzoefu wangu, orodha hiyo huwashangaza hata walioiandika, kwani huonekana vituo ambavyo hakuna mtu amesoma takwimu zake kwa miaka mitano, na vingine vinavyotazamwa kila asubuhi na mwendeshaji wa bwawa.

Kituo cha mpakani kibaki, hata kama vingine vyote vitapungua. Kibaki pia kile cha mwisho mtoni kabla ya mahali ambapo maji ya bahari hufika wakati wa bamvua (bahari inapojaa kupita kawaida), kwa sababu hapo ndipo hesabu ya kila kinachotoka bara kwenda pwani hufungwa; mkikisogeza chini zaidi, kujaa kwa bahari kutasukuma maji ya mto nyuma na kina hakitawaambia tena mtiririko ni kiasi gani. Geji ya kupwa na kujaa bandarini ibaki, na iunganishwe na kipimo cha kupanda au kushuka kwa ardhi yenyewe, maana katika delta nyingi ardhi inazama, na kwa mkazi wa pale kinachohesabika ni tofauti kati ya bahari inayopanda na nchi inayoshuka. Satelaiti hupima usawa wa bahari vizuri mbali na nchi, lakini karibu na ufuko mawimbi yake ya rada huchanganywa na nchi kavu. Mwisho, kibakizwe kijito kimoja kidogo katika sehemu ya bonde ambayo bado haijaguswa sana na shughuli za watu. Hiki huonekana hakina faida, na mara nyingi ndicho hufungwa kwanza, ilhali bila hicho hamtaweza kutenganisha badiliko la hali ya hewa na badiliko lililofanywa na binadamu.

Vituo vinavyoweza kufungwa ni vile vinavyosomeka kupitia vingine. Chukueni vipimo vya miaka kumi vya vituo viwili vilivyo kwenye mto mmoja bila tawimto kubwa kati yao, mtazame kama kimoja kinaweza kukisiwa kutokana na kingine kwa kosa dogo, kiangazi na masika. Kama kinaweza, kimoja chao kimekuwa kikilipiwa kwa kurudia habari. Msikifunge siku hiyohiyo, ila endesheni vyote viwili kwa msimu mmoja zaidi wa mvua mkiwa mmejipanga kuhakiki ukisio huo, kisha kifungeni na muandike tarehe na sababu. Upungufu wa pesa ukiendelea, punguzeni idadi ya vitu vinavyopimwa kabla ya kukatiza mfululizo: kina, joto, oksijeni, chumvichumvi kwa njia ya upitishaji umeme, na ukungu wa maji vinaweza kupimwa kwa kifaa cha mkononi, na uchunguzi wa maabara ulio ghali ukafanywa kwa misimu.

Wananchi wa kando ya mto na wavuvi wanaweza kubeba sehemu ya kazi, kwa sharti moja ambalo nimeona likipuuzwa na kazi ikafa: walipwe kwa wakati, hata kama ni kidogo, na warudishiwe majibu. Msoma geji ambaye hajawahi kuonyeshwa grafu ya mto wake mwenyewe ataanza siku moja kuandika akiwa nyumbani, na sitamlaumu peke yake.

Na kama mnahitaji kumwonyesha mkuu wa kitengo jambo moja lisilo na gharama, tafuteni yale madaftari ya zamani ya vituo vyenu, ambayo katika ofisi nyingi yamo ndani ya maboksi yakiliwa na mchwa. Yapigeni picha, ukurasa kwa ukurasa, kisha yaingizeni katika kompyuta na muweke tarehe za kila picha ya Landsat iliyopo pembeni mwa kila mwaka wa vipimo. Mkifanya hivyo kabla ya kikao cha bajeti, mtakuwa na mahali pa kumwonyesha, kwa mto wenu wenyewe, mafuriko ambayo picha iliyakosa na geji ikayaandika, na msitu ulioondoka ambao geji haikuujua na picha ikauona. Wakati huohuo, kabla mvua hazijaanza, mtumeni fundi mwenye kipimasawazo (kifaa cha kulinganisha vimo) apite kwenye kila ubao wa vipimo na kuulinganisha na alama yake ya kudumu, na aandike alichokikuta hata kama ni sifuri kamili.